Siku moja maishani mwangu: baharia wa Lamu katika machweo ya Santorini

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya chai natazama utabiri wa upepo. Ni Julai, msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini unaotawala Bahari ya Aegean kiangazi chote. Ukizidi nguvu, mamlaka ya bandari huzuia mashua za watalii kutoka. Leo tunatoka. Nampigia baba, mtu wa majahazi tangu ujana wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Upepo wa wapi leo?"

"Wa kaskazini, baba. Mchana utaongezeka."

"Basi msichelewe kupunguza tanga."

Saa 4. Niko Vlychada, bandari ndogo ya kusini mwa kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Tunaosha sitaha, tunapakia barafu na maji, tunakagua jaketi za kuokolea. Kamba nazikagua mwenyewe, kuanzia henza, ya kupandishia tanga, mpaka za nanga, kwa kupitisha kiganja kila mahali panaposuguana na chuma. Kamba iliyoanza kulika mkono huitambua kabla ya jicho.

Saa 9 alasiri wageni wanafika, wanaacha viatu kapuni, wanasikiliza maelezo ya usalama, tunang'oa nanga.

Kituo cha kwanza ni Ufukwe Mwekundu. Genge lake huporomoka mara kwa mara, kwa hiyo wageni wetu huogelea karibu na chombo, hawaendi chini ya mawe. Juu kidogo ndiko uliko Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano yapata miaka 3,600 iliyopita na kuanza kufukuliwa 1967. Ukutani mwa nyumba moja palikutwa mchoro wa msafara wa merikebu, wapiga makasia wameinama, pomboo wanaruka pembeni. Kila nikipita hapa huwataja mabaharia wale kwa wageni. Hii bahari ilikuwa na wenyewe zamani sana.

Saa 11 tunaizunguka rasi yenye mnara wa taa na kuingia kaldera, shimo kubwa la volkano. Mlipuko ule ule ulilitoa tumbo la mlima, paa likadidimia, bahari ikajaa ndani. Kina kinakaribia mita 400, na nanga yetu haifiki chini. Upepo tunaukabili, kwa hiyo tunakwenda kwa injini, na mwambao unapokatika upepo hushuka magengeni kwa vishindo. Wageni huuliza kama volkano ingali hai. Naam. Nea Kameni, kisiwa cheusi kilicho katikati, kililipuka mara ya mwisho 1950, na mwanzoni mwa 2025 matetemeko ya mfululizo yaliwafanya maelfu ya watu kuondoka Santorini kwa muda. Nawaambia hivyo hivyo, bila kupamba wala kuficha.

Saa 12 jioni. Kiangazi saa za Ugiriki na za Lamu ni zile zile: kwetu magharibi inakaribia, hapa jua bado linachoma. Tuko Palea Kameni, kisiwa jirani, kwenye chemchemi, na hapa ndipo penye kazi yangu hasa. Chombo husimama mdomoni mwa hori. Mgeni huruka kutoka tezi, nyuma ya chombo, huangukia maji ya baridi, kisha huogelea kuelekea kikanisa cheupe cha Agios Nikolaos. Katikati ya njia maji hubadilika, buluu ikawa rangi ya kutu, harufu ya kiberiti ikapanda. Maji yenyewe ni ya uvuguvugu tu, na chuma kilichomo hutia doa nguo nyeupe, hilo tunalisema mapema.

Leo mama mmoja wa makamo ameganda ngazini. Nashuka mbele yake, nampa boya, tunakwenda taratibu, yeye akipiga miguu na mimi nikivuta. Akigusa maji ya vuguvugu anacheka kwa sauti. Kwenda hakunipi wasiwasi. Wasiwasi wangu ni kurudi, mtu amechoka na mawimbi yanampiga usoni. Kwa hiyo simpi mtu kisogo, nahesabu vichwa, nahesabu tena, na injini haiwashwi mpaka hesabu itimie.

Halafu chakula: kamba wa baharini na kuku wa kuchoma, fava, rojo la dengu za manjano za hapa, na mvinyo wa zabibu za Assyrtiko kwa wanaokunywa.

Saa 1:40 usiku nahodha anageuza omo, mbele ya chombo, kwenye upepo, natweka tanga. Tunarudi kusini upepo ukiwa nyuma yetu, injini imezimwa, na kwa mara ya kwanza wageni wanasikia maji yenyewe yakipita chini ya sakafu. Kule juu kijijini Oia watu wamebanana kwenye magofu ya ngome wakingoja jua hili hili. Mimi nasema pa kulionea ni huku, nje ya mnara wa taa, magharibi yote ikiwa wazi. Linazama saa 2:35. Wageni wanapiga makofi, nami niko kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga, maana upepo wa machweo hugeuka bila kubisha hodi.

Saa 4 usiku wageni wameshashuka. Tunaosha chumvi, tunakunja tanga. Kesho upepo utapanda, na nahodha ameshawaandikia wageni wa kesho kwamba tukitoka tutabaki pwani ya kusini, chemchemi hatufiki. Ameamua vizuri. Natia jaketi zote kwenye kasha, za watoto juu, kwa sababu kesho kuna familia tatu.