Siku moja maishani mwangu: chumba cha mionzi

Saa 12:30 asubuhi nimeshawasha mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Leza (taa za kumlaza mgonjwa pale pale kila siku), kengele ya mlango, kamera, kisha kipimo cha dozi ya mionzi: ikipishana na ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 3, haingii mtu hadi mfizikia, mtaalamu wa vipimo vya mionzi, aje. Leo shwari.

Hadi saa 4, wagonjwa 11. Watu hudhani kazi yetu ni kubonyeza kitufe. Mimi hata jina sitaji, nikiuliza "wewe ndiye fulani?" wazee wetu kwa adabu huitikia tu. Mgonjwa mwenyewe anitajie majina matatu, mpaka la babu, huku natazama picha ya faili.

Saa 4:10 akaingia bibi mmoja wa saratani ya shingo ya kizazi, siku ya 9 kati ya 25. Tukamlaza, leza zikakaa juu ya alama za wino mwilini mwake vizuri kabisa. Tukapiga picha: mifupa imepishana na ile ya picha ya mpango wa tiba kwa sentimita 2. Sisi mwisho wetu milimita 5. Tukarudia, zile zile. Nikaingia, nikafunua khanga. Mstari wa tumboni ni wa bluu. Wino wetu ni mwekundu.

"Bibi, hapa kachora nani?"

"Mimi, mjukuu wangu. Ulifutika nikioga, nikaogopa mtanigombeza. Nikachukua peni ya mtoto wa shule."

Hasira ningeitoa wapi? Skana upya, daktari, mfizikia, alama upya, picha tena. Dakika 50. Huko benchi kumechafuka. Kijana anagonga dirisha, wametoka Mbagala alfajiri na mama yake hajala. "Mnapiga soga tu humo!" Nikampa pole. Siwezi kumsimulia mwili wa mtu mwingine, wala kwamba sentimita 2 zinatosha kuukosa uvimbe na kuchoma nyama isiyo na ugonjwa.

Mchana sijui ulipitia wapi. Chapati nimeila nimesimama.

Jioni jioni mashine ikatoa ujumbe wa hitilafu, ule ule wa jana. Kidole kilishafika kwenye "endelea". Kati ya 1985 na 1987, Marekani na Kanada, mashine ya Therac-25 iliwazidishia dozi vibaya wagonjwa 6, na waendeshaji walikuwa wamezoea hivyo hivyo: ujumbe ukitokea, bonyeza, endelea. Nikashusha mkono, nikampigia mfizikia. Alikuwa getini, begi mgongoni. Akarudi bila kunisalimu.

Benchi bado lina watu 4.