Kamera ya filamu kwa hewa ya Pwani: nilivyochagua mimi

Ushauri mwingi kuhusu kamera za zamani hutoka kwa watu wanaokaa kwenye baridi kavu. Wao hubishana kama Nikon yaishinda Canon, au kama lenzi ya f/1.4 ina thamani kuliko ya f/2 (namba hiyo ni kipimo cha tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi). Mimi nakaa Mombasa, ambako viatu vya ngozi vikisahauliwa kabatini wakati wa masika huota manyoya meupe. Swali langu likawa jingine: katika mashine hizi za miaka ya 1960 na 1970, ipi itavumilia unyevu, chumvi na jua letu, na ikigoma, fundi wa hapa ataiweza?

Kwa upande wa bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nilijiwekea sharti moja tu, kwamba shata, ile inayofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, ifanye kazi hata bila betri. Sharti hilo peke yake liliondoa nusu ya kamera nilizokuwa nazitamani. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni kamera tamu, nimeishika ya rafiki yangu, lakini shata yake huendeshwa kwa umeme. Ile betri ya volti 6 ikiisha, umebeba jiwe. Zaidi ya hapo, waya na saketi ndani ya kamera iliyokaa miaka karibu na bahari ni jambo la kubahatisha. Kamera ya springi na magurudumu ya meno, fundi mzuri wa saa anaweza kuifungua akaielewa, na mafundi wa saa hatujawakosa.

Zilibaki chache. Olympus OM-1 ni ndogo na inakaa vizuri mkononi, na Minolta SRT 101 ni ngumu kama chuma cha reli, ila vipima mwanga vya hizo mbili vilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena. Ukitia ya alkali ya volti 1.5 kipimo kinadanganya. Wengine hutia betri za mashine za kusikia, zile za zinki na hewa, ambazo zinakaribia volti 1.4, zinafaa, lakini ukishabandua kibandiko chake huanza kwisha, utumie usitumie. Nikon FM2 ya mwaka 1982 ina kasi ya shata hadi 1/4000 ya sekunde, jambo la maana sana kwa jua la saa sita mchana. Bei yake ikanifukuza. FM ya kwanza ni rahisi zaidi na hukubali hata lenzi za Nikon za kabla ya 1977, kwa kuwa ile pini yake ya kusomea tundu hukunjika. Kwenye FM2 haikunjiki, kwa hiyo anayenunua lenzi kuukuu za Nikon aangalie hilo kwanza.

Mimi niliishia kwa Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Haina madoido yoyote. Kipima mwanga kinatumia betri moja ndogo ya LR44 inayopatikana duka lolote la saa, na betri ikifa unaendelea kupiga kwa kukadiria. Kasoro yake ni kwamba kipima hakina swichi. Usipoifunika lenzi, kinakula betri mchana kutwa.

Niliipata kwa mzee mmoja anayeuza saa na redio kuukuu mjini.

“Shikamoo mzee. Hii yafanya kazi?”

“Marahaba mwanangu. Yafanya. Ilikuwa ya mpiga picha wa feri, hiyo.”

Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya kuuzia. Wapiga picha wa Likoni walikuwa na vibanda vyao pale kivukoni, nyuma wametundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kamera zao zilifanya kazi ya punda. Kamera iliyofanya kazi sana hainitishi. Inayonitisha ni ile iliyolala droo moja miaka thelathini, maana grisi imeganda na sponji za kuzuia mwanga mlangoni zimegeuka lami.

Nikamwomba ruhusa ya kuikagua. Nilifungua mgongo wa kamera, nikaielekeza ukutani penye mwanga na kufyatua kwa 1/1000. Unapochungulia kwa nyuma uone mwanga umepita fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata hayaendi sawa na picha zako zitakuwa na giza pembeni. Kasi za polepole nilizirekodi kwa simu, kwa ile video ya fremu 240 kwa sekunde. Kwa 1/8 shata inapaswa kubaki wazi kama fremu 30. Yangu ilikuwa inachelewa kidogo, jambo ambalo filamu ya negativu huvumilia. Sponji za mlangoni zilikuwa zimekwisha, zinashika vidole, na hilo lilinisaidia kupunguza bei. Nilizikwangua kwa kijiti na spiriti, nikaweka uzi mweusi wa sufu kutoka Biashara Street kwenye mifereji. Mpaka leo mwanga haujapenya.

Lenzi ndiyo kazi hasa. Bodi mbovu hutengenezeka. Lenzi iliyoliwa na kuvu ni hasara ya milele, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga na baadaye kioo chenyewe. Ukisafisha mapema, inapona. Ukichelewa, unaondoa kuvu na alama yake inabaki.

Basi mimi sinunui lenzi bila tochi. Nafungua tundu lote, naweka tochi upande mmoja na kuchungulia kwa mshazari upande wa pili. Vumbi ni vitone. Halina neno, kila lenzi ya zamani inalo. Kuvu ni nyuzinyuzi zenye matawi. Kuna pia ukungu mwembamba unaotanda kioo kizima, ambao mara nyingi ni mvuke wa grisi. Huo hufifisha picha, hasa ukipiga dhidi ya mwanga wa bahari. Kisha naangalia vile vipande vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu: vikiwa na mafuta vinachelewa, na picha inaingia mwanga mwingi kuliko ulivyopanga. Mwisho naizungusha fokasi hadi mwisho. Mikwaruzo michache ya mbele siijali hata kidogo.

Mombasa tuna kipimo kizuri cha fokasi ya mbali. Naenda Mama Ngina, kando ya bahari, nafokasi kwenye meli inayosubiri kuingia bandari ya Kilindini. Lenzi ikifika kwenye alama yake ya mwisho na meli bado ni uji, basi kuna mtu ameifungua na kuirudisha vibaya.

Kuna na lenzi za manjano. Baadhi ya Takumar, lenzi za zamani za Pentax, za 50mm f/1.4 zilitiwa vioo vya thoriamu, na thoriamu kwa miaka huvigeuza rangi kama chai ya rangi. Wauzaji huzitupa bei ya chini. Jua ndilo dawa yake: miale yake hurudisha weupe baada ya wiki kadhaa dirishani. Ifunike nyuma kwa karatasi ya alumini, na usiiache ikakusanya jua ikaunguza pazia la nyumba. Takumar hizo ni za kufunga kwa kuskurubu, ule mfumo wa M42, nazo huingia kwenye K1000 kwa adapta ya pete bila kupoteza fokasi ya mbali, kwa kuwa umbali wa kutoka lenzi hadi filamu ni ule ule, milimita 45.46. Ndivyo ninavyotumia na Helios 44-2, ile ya Kirusi ya 58mm, ambayo nyuma ya mtu huzungusha majani ya mwembe kama kimbunga. Kwenye Nikon mchezo huo haufai: bila kioo cha ziada ndani ya adapta, hutapata mbali.

Na ile f/1.4? Tupige hesabu. Jua likiwa wazi, f/16 hutaka kasi inayokaribia ISO ya filamu, yaani namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga; kwa filamu ya 200 ni kama 1/250. Kasi yangu ya mwisho ni 1/1000, kwa hiyo mchana siwezi kufungua zaidi ya karibu f/8. Ufukweni ni f/11, mchanga unavyorudisha mwanga. Lenzi ya f/1.4 ina kazi baada ya Magharibi tu, na inaipita ya f/2 kwa hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Nilichukua 50mm f/2, pesa iliyobaki nikaongeza kwenye 28mm f/2.8 ya Pentax-M, inayoona eneo pana zaidi, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale havikupi nafasi ya kurudi nyuma. Kwa 50mm pale Ndia Kuu, barabara ya huko, unapata mlango bila roshani yake.

Kipima mwanga cha kamera hizi hudhani dunia yote ni kijivu. Ijumaa nje ya msikiti, kanzu nyeupe zikijaa fremu, kinakuambia upunguze mwanga, na nyuso zinatoka makaa. Mbele ya mabuibui kinafanya kinyume. Mimi napima kiganja changu kwenye mwanga ule ule wa mtu ninayempiga, sibadilishi tena mpaka mwanga ubadilike.

Kuhifadhi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mkoba wa ngozi uliokuja na kamera niliutoa, maana ngozi hunywa unyevu na kuulea. Lenzi hukaa ndani ya boksi la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na chembe za silika na kipima unyevu kidogo. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Chembe zikichoka nazikausha kwa moto mdogo. Kila wiki kamera hutoka, hata kama sina safari, ikafyatuliwa kwa kasi zote. Nikitoka kwenye gari lenye ubaridi, naiacha mkobani mpaka ipate joto la nje, la sivyo lenzi inatoka jasho.

Filamu hukaa kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na huzitoa usiku wa kuamkia siku ya kupiga. Mama amenikubalia rafu ya chini peke yake, na kwa sharti kwamba vidude vyangu vikae mbali na samaki wake.