Siku Tuliyoikagua Ratiba kwa Penseli Mbili

Ratiba ya shule yetu ilipendeza ukutani. Vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, na kati ya hivyo viwili vya michezo, viwili vya sanaa, kimoja cha maktaba na kimoja cha klabu. Sita kati ya 40, yaani asilimia 15. Mgeni aliyeisoma angeondoka akiamini kwamba hapa mtoto analelewa mwili, akili na kipaji. Alasiri ile mwalimu wa taaluma alitubwagia mezani madaftari ya vipindi ya muhula mzima akauliza, "Jamani, hivi vinafundishwa kweli, au vimeandikwa tu?"

Daftari la vipindi si rahisi kulidanganya. Kiranja huandika somo na saa, mwalimu husaini anapotoka darasani. Tukagawana madarasa. Unaweka ratiba kushoto na daftari kulia, kisha unapita kisanduku kwa kisanduku. Kipindi kilichofanyika kama kilivyopangwa kinapakwa kijani. Kilichobadilishwa au kuachwa kinapakwa nyekundu, na pembeni unaandika kimeliwa na nini. Hilo la pembeni ndilo lenye faida. Ukiliruka utabaki na rangi, na rangi hazikuambii pa kuanzia.

Madarasa ya chini yalitoka ya kijani. Ya kati yalichanganyika. Darasa la mtihani lilikuwa jekundu tangu muhula haujakolea: safu ya michezo yote, sanaa karibu yote, maktaba imegeuzwa chumba cha majaribio ya wiki. Ukurasa mmoja ninaukumbuka hadi leo. Neno "Sanaa" limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, na juu yake, kwa wino mwingine, "Hisabati: sehemu", na sahihi kamili.

Mwenye sahihi alikuwepo mezani, wala hakukana. "Wakifeli hisabati naulizwa mimi," alisema. "Wasipocheza, anaulizwa nani, Mwalimu?"

Hakuna aliyemjibu. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inasema elimu ilenge kukuza haiba, vipaji na uwezo wa mtoto wa kiakili na kimwili kadiri inavyowezekana. Ibara ya 31 inataja mapumziko, michezo na sanaa. Sote tulikuwa tumeisoma chuoni na kuijibia mtihani. Lakini mkataba haukai kwenye kikao cha matokeo. Anayekaa pale ni mwalimu mwenye somo linalotahiniwa, na kipindi kisicho na wa kukidai huliwa kwanza.

Sababu zilizojaa pembeni hazikuwa zote za tamaa ya alama. Michezo ilikuwa imepangwa vipindi vya mwisho vya siku, jua kali au mvua, na siku ya kikao ndivyo vinavyofutwa. Mwalimu asipofika, anayeshika nafasi yake hufundisha somo lake mwenyewe. Ufunguo wa stoo ya vifaa ulikuwa na mtu mmoja, na akitoka, mipira imetoka naye. Wiki za mwisho ukumbi wa sanaa hujazwa madawati ya mtihani.

Hata vile vya kijani tulivichambua. Mwalimu wa michezo alichukua kipindi kimoja akakigawa kwa sauti: kubadili nguo dakika 6, kufika uwanjani na kupanga mistari 4, maelezo 5, kurudi na kunawa 7. Zimebaki 18, kwa watoto 48 na mpira mmoja. Mara mbili kwa wiki ni dakika 36. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za shughuli inayomtwetesha kila siku, yaani 420 kwa wiki. Shule haiwezi kubeba zote hizo, sawa, lakini 36 ni kichekesho.

Hapo kazi ikanoga. Kipindi cha michezo kikahamishwa kiwe kabla tu ya mapumziko, ili kurudi na kunawa kuingie mapumzikoni. Hapo tu umeokoa dakika 7, umepata 25. Watoto 48 wakae vikundi 8 vya watu 6, vituo vinne, vikundi viwili kila kituo: kamba, kulenga shabaha kwa vifuko vya mchanga, kupokezana mpira, mbio za vijiti. Dakika 5 kila kituo, dakika moja ya kuhama, jumla 23. Mpira mmoja unatosha, maana ni kituo kimoja tu kinachouhitaji. Ufunguo wa pili ukaamuliwa ukae kwa mwalimu wa zamu.

Mtu akashauri vipindi viwili vya michezo viunganishwe. Nilipinga, na bado napinga: mwili unahitaji siku tofauti. Sanaa ndiyo ya kuunganisha. Kupanga rangi na maji kunakula dakika 10, kuosha brashi nyingine 10, na ukibaki na 20 mtoto hajafika popote ila kuchora jua kwenye kona ya karatasi. Dakika 80 mfululizo, ukitoa hizo 20, zinampa saa nzima.

Klabu zilitushangaza zaidi. Tulizijua kuwa fahari ya shule. Kabati la vikombe lilikuwa ofisini kwa mkuu. Tukachukua orodha za wanachama tukazilinganisha na rejista za madarasa, alama moja kwa kila jina linalotokea. Majina yale yale yalikuwa na alama tatu, nne: ndiyo kwaya, ndiyo maigizo, ndiyo timu. Mistari mirefu ya rejista haikuwa na alama hata moja. Klabu zilikutana baada ya masomo, wanaokaa mbali wakishaondoka. Vazi lilihitaji mchango. Na mwalimu anayetaka kombe huchagua aliyekwisha kuweza. Tangu hapo sihesabu klabu za shule wala vikombe. Naomba rejista.

Mvutano mkali ulikuja kwenye ripoti ya mzazi. Masomo yalikuwa na alama na nafasi. Mtoto mzima alibakiziwa mstari mmoja, "Tabia: nzuri". Mwalimu wa taaluma alitaka ushirikiano na ubunifu vipewe alama kwa mia. Mwalimu wa sanaa akakataa katakata. "Ukimpa 70 ya ushirikiano, atashirikiana unapomtazama," alisema, nami nilimuunga mkono. Tukakubaliana juu ya kadi ndogo: tarehe, shughuli, alichofanya au alichosema. Sifa tupu haziruhusiwi. "Ana bidii" inarudishwa. "Alifungua fundo la kamba ya mwenzake kabla ya kuanza zamu yake" inapita. Watoto wanne kila kipindi cha michezo, vipindi viwili kwa wiki, darasa la 48 linakwisha wiki ya sita, na ripoti ya mwisho wa muhula inapata sentensi mbili za kweli kwa kila mtoto. Anayejaribu kuwaangalia wote kwa siku moja huishia kuandika "nzuri" mara 48.

Mkuu wa shule aliongeza sharti moja tu: kipindi kinaweza kukopwa, ila kilipwe ndani ya wiki mbili, na kilipwe kutoka kwenye somo la aliyekopa. Deni liandikwe ubaoni, ofisi ya walimu, kila mtu alione.

Mwalimu wa hisabati akauliza kama sharti linahusu na vya nyuma.

"Vya mwezi huu," mkuu akasema.

Mwalimu wa hisabati akavuta daftari la darasa la mtihani, akahesabu visanduku vyake vyekundu kwa ncha ya penseli, akaguna. Kisha akaanza kubishana na mwalimu wa michezo ni hisabati ya siku gani itakayotolewa kwanza.