Waliochimba Mfereji wa Hezekia

Jumamosi mahari ya mdogo wetu ilipokelewa kwa amani, lakini mimi bado nimebaki kwenye swali aliloniuliza baba Jumatano.

Nilikuwa ninaongoza somo la jumuiya, 2 Wafalme 20:20, nikieleza kwa furaha jinsi Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alivyoivamia Yuda mwaka 701 kabla ya Kristo, akajisifu katika kumbukumbu zake kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Na jinsi Hezekia, asitake adui ayakute maji ya chemchemi ya Gihoni, alivyoyapitisha chini ya mwamba kwa mita 533 hadi birika la Siloamu. Baba, ambaye mnajua kwamba amechimba visima tangu kabla sijazaliwa, alisubiri nimalize.

"Huyo Hezekia alishika sururu?"

"Hapana, baba. Aliamuru."

"Basi waliochimba ni akina nani?"

"Biblia haikuwataja, baba," nikajibu upesi, huku nikifunua ukurasa mwingine.

"Haya, mama."

Hilo "haya, mama" limenikosesha usingizi siku nne. Alilitamka kwa sauti ileile anayoitumia anapopita kwenye kisima alichokichimba kwa mikono yake na kuliona jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi. Nami, binti yake, niliyesomeshwa kwa fedha za visima hivyo, nilifunua ukurasa.

Jana usiku nilirudia maelezo ya maandishi ya Siloamu, yale ya mistari 6 yaliyogunduliwa mwaka 1880 ndani ya mfereji wenyewe na kuhifadhiwa Istanbul, nikaona aibu kwamba niliyajua na sikuyataja. Hayamtaji Hezekia hata mara moja. Yanasimulia wachimbaji waliotoka pande mbili, sururu ikielekea sururu, na kwamba zilipobaki dhiraa 3 ilisikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Kisha mwamba ukatobolewa, na maji yakatiririka dhiraa 1,200 kutoka chemchemini hadi birikani, huku juu ya vichwa vyao mwamba ukiwa na kimo cha dhiraa 100. Majina yao hayamo, lakini siku yao imo, nayo imesimuliwa na mtu aliyejua kazi ile ilivyokuwa.

Alfajiri nilimsomea baba uani. Aliniomba nirudie mahali pa dhiraa 3, nikarudia mara mbili.

"Mwamba unabeba sauti," akasema. "Unamsikia mwenzako kabla hujamwona." Kisha akaweka kikombe chini na kunieleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, jinsi anavyojua kwa mlio wa sururu kwamba maji yako karibu. Nilisikiliza mpaka chai ikapoa, nami nilifurahi kupita siku ya mahari.

Alipoinuka kwenda bandani niliona anauburuta mguu wa kushoto kidogo. Mama anasema ni tangu Ijumaa, na kwamba nisimwulize.