Chungu cha Maua na Gemu Iliyokataliwa

Mwenzangu ninayetengeneza naye gemu ndogo za simu anaamini kwamba gemu ikishakataliwa na wachezaji, dawa ni kukusanya malalamiko yote na kuyashughulikia moja baada ya jingine. Wiki nzima tumebishana juu ya jambo hilo, na jioni hii nataka kuiweka hoja yangu katika maandishi, kwa kutumia kisa cha Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Square Enix ya Japani.

Gemu hiyo ilitoka Septemba 2010 ikapokelewa vibaya kiasi kwamba kampuni iliahirisha kutoza ada ya mwezi, na Desemba ya mwaka huohuo ikamkabidhi Naoki Yoshida usukani. Wachezaji walilalamika kwamba inakwamakwama, menyu zake ni nzito na mambo ya kufanya ni machache. Walisema kweli, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuona kilichokuwa kikiendelea jikoni. Baadaye Yoshida alisimulia habari ya chungu cha maua: pambo tu la pembeni, ambalo mtu hulipita bila kulitazama, lilikuwa limeundwa kwa poligoni (vipande bapa vidogo vinavyounganishwa kujenga umbo la kitu kwenye kompyuta) zipatazo 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa mwanga na rangi, sawasawa na mhusika anayeongozwa na mchezaji. Panga vyungu kadhaa barazani, na kompyuta inabeba mzigo wa umati wa watu ambao hawapo. Aliyekichora, nadhani, alikuwa fundi hodari, na huenda alipongezwa. Tatizo lilikuwa la ofisi iliyozoea kusifiwa kwa uzuri wa picha zake, na ambayo haikumwekea mtu yeyote kikomo. Mchezaji ataripoti kwamba gemu inakwama. Kwa nini inakwama, hilo ni la wenye gemu kulitafuta, na mara nyingi jibu limo katika kile wanachojivunia zaidi.

Yoshida pia aliwahimiza watu wake wacheze gemu za washindani, World of Warcraft ikiwemo. (Inashangaza kwamba ilibidi kuhimizwa.)

Uamuzi unaonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni ule wa kuendelea kuirekebisha gemu ya zamani huku wakijenga nyingine tangu msingi, ilhali walijua kwamba ile ya kwanza itazimwa. Kwa hesabu za haraka huo ni ubadhirifu. Lakini Yoshida alikuwa akiwaandikia wachezaji barua za wazi kuhusu kazi inavyokwenda, na masasisho yale ndiyo yaliyozipa barua hizo uzito. Zaidi ya hayo, mabadiliko kama yale ya mfumo wa mapigano ya mwaka 2011 yaliwapa nafasi ya kuona watu wanavyoyapokea. Seva zilizimwa Novemba 2012, baada ya hadithi ya gemu yenyewe kuuangusha mwezi wa Dalamud juu ya ulimwengu wake, na gemu mpya, A Realm Reborn, ikatoka Agosti 2013.

Mwenzangu atasema kwamba sisi hatuna fedha za Square Enix, na hapo ana haki. Kisa kinachotufaa zaidi huenda ni cha Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, ambayo ilitoa gemu ya No Man's Sky Agosti 2016 baada ya mahojiano mengi yaliyowajaza watu matumaini makubwa. Lawama zilipoanza, studio ilinyamaza kwa miezi, kisha Novemba ikatoa sasisho la kwanza kubwa. Kucheza pamoja kikamilifu, jambo ambalo wengi walitarajia kulikuta tangu siku ya kwanza, kulikuja mwaka 2018. Ukimya ule siupendi, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa anastahili kuelezwa. Hata hivyo naelewa kwamba kwa kikundi kidogo ambacho ahadi zake ndizo zilizozaa hasira, kila tangazo lingekuwa ahadi nyingine, na kati ya mimi na mwenzangu hakuna anayejua kuandika barua kama za Yoshida.