Nilivyolimudu neno "thwart" baada ya kozi kunishinda

Kama unajiandaa na mtihani wa Kiingereza wa kuombea vyuo vya nje, na mtu akakwambia umeze jedwali la visawe, mkimbie. Mimi nililimeza. Kozi ilinila laki mbili na ushee, na mwalimu wetu alikuwa na karatasi aliyoitukuza kama hirizi: prevent, hinder, foil, frustrate, thwart, zote mbele yake kaandika "zuia". Basi. Ukichoka na moja, akatuambia, chomeka nyingine, msahihishaji atakuona msomi.

Nikachomeka. "The rain thwarted me to arrive early." Wino mwekundu. Nikajaribu "This medicine thwarts my headache." Mwekundu tena, safari hii na alama ya mshangao pembeni. Nilipouliza kosa liko wapi, nikajibiwa, "Haisikiki vizuri." Haisikiki vizuri! Kwa laki mbili!

Kilichonitoa ni mambo ya kwetu Pangani. Siku moja napekuapekua kamusi nzito, nikakuta thwart ni nomino pia: ule ubao wa kukalia mpiga makasia, unaolazwa kutoka ubavu mmoja wa mashua hadi wa pili. Kitenzi kimetoka kwenye neno la Waskandinavia wa kale la kitu kilicholala kukatiza, na jina la ubao, ambalo zamani lilikuwa jingine, inadhaniwa lilibadilika kwa kulifuata. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni kukingama! Mnazi ukiangukia njia, si tunasema umekingama?

Tangu hapo kila nikitaka kulitumia najiuliza kwanza: nani alikuwa anakwenda wapi? Kinachokingamiwa lazima kiwe safarini: mpango, jaribio, tamaa ya cheo, au mtu mwenye nia yake. Maumivu ya kichwa hayaendi popote. Na halitaki "me to arrive". Unaliwekea mtendwa wake moja kwa moja, "The rain thwarted our plan", umemaliza. Hinder ni jambo jingine kabisa, hapo umecheleweshwa tu na huenda ukafika. Ukiwa thwarted, hufiki.

Foil nayo inapenda njama. Mwaka 1605 Guy Fawkes, mmoja wa waliopanga kulilipua Bunge la Uingereza, alinaswa London chini ya ukumbi wa Bunge akilinda mapipa ya baruti. Njama ile Waingereza mpaka leo wanasema ilikuwa foiled. Magazeti yetu yangeandika "yazimwa", na yangepatia.

Frustrate ndiyo iliyonichelewesha, maana mjini kila mtu "amefrastreti" kwa hasira. Aliyenifungua macho ni binamu yangu anayesoma sheria. Mwaka 1902 bwana mmoja alikodi vyumba London ili atazame msafara wa kutawazwa Mfalme Edward VII. Mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa, na mwaka 1903 mahakama ikaamua mkataba ule umekuwa frustrated, kwa hiyo bwana hadaiwi salio la kodi. Mkataba haukukasirika. Lengo lake ndilo lililokufa bila kosa la mtu.

Kwenye mtihani thwart nililitumia mara moja tu, kwenye sentensi ya mradi uliokwamishwa na ukosefu wa fedha: "thwarted by a lack of funds". Umbo hilo la kutendwa, lenye "by" nyuma yake, ndilo utakalokutana nalo sana magazetini, lishike. Alama niliyoitaka niliipata na chenji ikabaki.

Ah, matamshi. Anza na "th" ya thelathini, ifuate "w", kisha malizia kama "port", si kama "cart", hata kama herufi zinakudanganya. Ndugu zangu mnaosema "selasini", hapo mna kazi. Ila msihofu sana: kwenye mazungumzo ya kawaida wenyewe hawalisemi, wanasema "stop" wanaendelea na chai yao.