Ng'ombe, Sabaki na wanafunzi wangu
Leo tumetoka darasani na kidato cha tatu, tukashuka hadi mto Sabaki. Ng'ombe walikuwa wakinywa, wengine wamesimama majini wakinya humo humo. Tukateka maji kwenye chupa: tope jekundu tupu. Nikawaeleza: mifugo ikimaliza nyasi huko juu, mvua hukokota udongo, na hiyo ni sababu mojawapo bahari yetu Malindi hugeuka kahawia. Kinyesi nacho huleta vijidudu vya kuhara, pamoja na naitreti, kemikali yenye nitrojeni, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Binti mmoja akauliza, “Mwalimu, na wanaoyanywa hivi hivi?” Jamani, swali limenichoma. Simlaumu mfugaji, naye anatafuta maji. Ajengewe birika la kunyweshea mbali na ukingo, na nyasi za ukingoni ziachwe zichuje.